Upande wa Nyuma wa Fomu za Petra

Fomu ya Jayantbhai ilifika mezani kwangu Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuandika saa kwa penseli kwenye kona ya kila fomu niliyoifungua, desturi aliyonifundisha yeye mwenyewe. Upande wa mbele kulikuwa na maswali kumi: hoteli, basi, chakula, mwongozaji na kadhalika. Yote kumi aliyapa tano, alama ya juu kabisa. Nikaigeuza. Nyuma, mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya maoni, aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto: "Kila kitu kizuri. Ila." Baada ya ila kulikuwa na nukta. Hakuna kingine.

Nawaandikia ninyi mliobaki ofisini Hayes, hasa wale watatu mnaoelewa Kiswahili hata kama mnanijibu kwa Kiingereza. Siku yangu ya mwisho mliniomba pale jikoni, keki ikikatwa, niwaachie maelezo ya kazi. Mambo ya kompyuta mnayajua kunishinda. Nitaandika yale yasiyokuwemo kwenye kompyuta, na nitaanza mwanzo ili nukta ile ieleweke.

Nilianza nikiwa na miaka thelathini na minne. Kabla ya hapo nilikuwa napakua mizigo kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, hadi mgongo ukakataa. Kampuni ilikuwa ndogo, ghorofani juu ya duka la mazulia. Ilipeleka makundi ya makanisa, misikiti na mahekalu Mashariki ya Kati. Wengine walikwenda Yerusalemu, wengine Misri, lakini wote walipitishwa Yordani siku mbili kuutazama Petra, ule mji wa kale uliochongwa ndani ya mwamba mwekundu jangwani. Wasafiri wengi walikuwa watu wa kwetu wa Landani: Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, Wakenya, Wazanzibari, manesi wa Thamesmead waliodunduliza mwaka mzima. Wakisharudi walijaza fomu ya maoni na kuituma kwa posta. Kazi ya idara yetu ilikuwa kuzisoma. Idara ilikuwa watu wawili.

Mkuu wangu alikuwa Jayantbhai, mzaliwa wa Moshi, ambako baba yake aliuza vitambaa. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa alinizidi miaka mingi. Akanitazama juu ya miwani.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Singida, mzee."

"Singida. Na hukuniletea hata kuku mmoja. Basi kaa, vumbi angalau unalijua."

Alinipa kisu cha kufungulia bahasha, rula ya chuma na penseli mbili. Kalamu ya wino alikataa, akisema sisi si mahakama. Rula ilikuwa ya kuweka chini ya mstari unaosomwa, ili jicho lisirukie mstari wa mbele kabla huu haujaisha. Mpaka leo nasoma hivyo, hata barua ya kodi ya nyumba. Kisha akanipa fomu kumi. Nilijumlisha alama za mbele, nikamwambia zote safi.

"Umesoma nyuma?"

"Nyuma ni shukrani tu, mzee."

Akaweka kikombe chini. "Nikuulize. Una mgonjwa nyumbani. Mimi nakuja, nakuuliza, mgonjwa hajambo? Utanijibu nini?"

"Hajambo."

"Halafu?"

Nikafikiri kidogo. "Ila hajala tangu juzi."

"Ila hajala tangu juzi. Na kesho mnamzika." Akazirudisha zile fomu mbele yangu. "Mwingereza akiudhika anaanza na maudhi, shukrani baadaye. Sisi tunaanza na nzuri. Mtu wetu anaungua moto, ukimuuliza atasema nzuri tu, ila nahisi joto. Huku mbele wamekusalimia. Sasa geuza, utafute ila."

Nikazipitia upya. Kwenye fomu ya saba, bibi mmoja aliyetoa tano kumi aliandika kwamba safari ilikuwa baraka tupu, ila meno yake ya bandia yalibaki kwenye glasi, hoteli ya pili, chumba cha tatu kutoka kwenye lifti. Tulipiga simu. Meno yalipatikana.

Hiyo ndiyo kazi, na sikuwahi kuielewa vizuri zaidi ya siku ile. Niongeze tu kwamba ila ina ndugu zake: lakini, isipokuwa, "jambo dogo tu," "sijui kama ni mimi peke yangu." Huyo wa mwisho msimpuuze. Karibu kila mara si yeye peke yake.

Miaka ikapita hivyo. Nyumbani Thamesmead nilikuwa peke yangu, mama wa binti yangu akiwa amehamia naye Manchester, na kutoka Thamesmead hadi Hayes ni kulivuka jiji zima. Siku hizi mna treni moja inayofika bila kubadilisha. Mimi nilibadilisha mara tatu kwenda na tatu kurudi, na kwenye treni nilisoma vitabu vya maktaba juu ya Wanabatea, watu walioujenga mji ule. Sikusoma chuo. Lakini niliweza kueleza jinsi walivyochonga mifereji kwenye kuta za mwamba kuleta maji, na jinsi walivyozuia mafuriko, isipokuwa hakukuwa na wa kumweleza. Niliandika kwenye daftari sentensi nzuri za wasafiri. Nesi mmoja alisema kwamba ndani ya ule mpasuko mwembamba wa kuingilia, kuta zikiwa zimekaribiana juu ya kichwa, watu wote arobaini walinyamaza bila kuambiwa. Mkenya mmoja alisema amelipa nauli yote ile kwenda kuona udongo mwekundu wa kwao Machakos. Mzanzibari mmoja aliandika, "Mji mzuri sana, ila majirani wote wamehama." Wengi walistaajabu kugundua kwamba zile walizodhani nyumba za fahari zilikuwa makaburi. Ngazi za kupanda hadi jengo la juu kabisa, lile la watawa, hakuna wawili waliozihesabu zikalingana. Mmoja alifika mia nane na kumi na mbili, mwingine aliishia mia tatu, akaandika kwamba zilizobaki amewaachia wenye imani.

Nikiunganisha sentensi zile niliuona mji wote. Nilijua mahali kivuli kinapofika saa nane mchana, na mama gani anauza chai yenye majani ya mrujuani au kitu kama hicho, maana kila msafiri aliyaita jina lake. Sikuwahi kwenda. Wafanyakazi tulikuwa na punguzo, lakini msafiri wa peke yake hulipia chumba cha watu wawili, na niliona ni adhabu kulipia kitanda cha mtu ambaye hayupo.

Jayantbhai naye alikuwa hajawahi kwenda. Yeye na mkewe walipanga kwenda akistaafu, kisha mkewe akafariki miezi kumi kabla. Alipostaafu alilipia kitanda cha pili, akaenda.

Wakati huo kampuni ilikuwa imenunua skana. Mashine ilisoma alama za mbele na kutoa wastani kwa sekunde. Upande wa nyuma haikuusoma, na fomu zilikwenda moja kwa moja kwenye maboksi. Niliruhusiwa kuendelea kufungua bahasha kwa sababu mashine haikuwa na mikono. Ndivyo fomu yake ilivyopita kwangu.

Nilimpigia siku ileile. "Shikamoo, Jayantbhai. Habari za safari?"

"Marahaba. Nzuri, nzuri sana."

"Na Petra?"

"Aa, Petra. Maajabu. Uende."

Nikafurahi, nikakata simu. Dakika mbili baadaye nilikuwa bado nimeishika fomu. Nikampigia tena, nikauliza vilevile, akajibu vilevile. Mwanafunzi wake wa miaka yote ile, nimeridhika na upande wa mbele mara mbili.

Jumamosi nilikwenda kwake. Alikaa hapohapo Hayes, nyumba ya safu iliyoungana na za majirani, jikoni kukiwa na viti vinne na kimoja tu chenye mto. Alikanda unga, akachoma chapati, hakuniacha nishike kitu. Nilisubiri amalize ya mwisho, nikaweka fomu mezani, nyuma ikiwa juu.

"Mzee, ila nini?"

Akafuta mikono. "Hilo ni kosa la kalamu."

"Uliandika kwa penseli."

Akacheka, kisha hakucheka. Akavuta kiti.

Siku ya pili ya Petra, kundi lilipanda zile ngazi. Yeye goti lilikuwa bovu, mwongozaji akamwambia akae chini kwenye hema la chai, watampitia baada ya saa mbili. Alikaa. Wakati kundi linashuka, yeye alikuwa nyuma ya hema, chooni. Walipita wakiwa wamechoka na wanaongea. Mwongozaji hakuhesabu. Alipotoka alidhani bado wako juu, akangoja saa nyingine nzima, hadi mama wa chai akamwonyesha kwa ishara kwamba watu wake wameshaondoka. Akatembea kutoka mjini peke yake, na goti lile, zaidi ya saa moja, kupitia ule mpasuko wa mwamba. Alipofika kwenye geti basi halikuwepo.

"Simu hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo mkononi njia nzima. Namba ya mwongozaji nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Nilitaka kuona kama italia."

"Ikalia?"

"Ililia mara moja," akasema. "Kampuni ya umeme. Wanataka nisome mita."

Alichukua teksi hadi hotelini. Kundi lilikuwa linakula. Mama mmoja wa Harrow akamuuliza kama siku yake ilikuwa nzuri, akasema nzuri. Mwongozaji akamuuliza kama chai ya bondeni ilikuwa tamu, akasema tamu. Kwenye basi alikuwa amekaa siti mbili peke yake, kwa kuwa alilipia mbili. Siti zote mbili zilirudi tupu, na watu thelathini na nane waliona ni sawa.

"Kama Sarla angekuwepo," akasema, akimtaja mkewe, "angepiga kelele basi lisiondoke. Mtu mmoja tu anatosha. Si lazima umpende. Awe tu mtu wa kusema, jamani, yule mzee yuko wapi." Akanisogezea chapati. "Kula. Ile ila nilitaka kuiandika yote. Kisha nikaona, nitaandika nini? Hakuna aliyenitukana. Ukisema hukukumbukwa, unaonekana mtoto."

Nilimwambia nitaifikisha ofisini. Akakataa. Mwongozaji alikuwa na watoto wanne na alikuwa ameonyesha picha zao kwenye basi.

"Ukimfukuzisha kazi, usikanyage hapa. Nakwambia, nitafunga mlango na chapati hupati."

Tuliafikiana: nitaisema, lakini jina la mwongozaji halitatoka kinywani mwangu.

Meneja wetu wa wakati huo, Bibi Carol, hakuwa mtu mbaya. Alifungua kompyuta, akatazama.

"Ametoa tano kumi. Mteja ameridhika."

"Hajaridhika. Ameandika nyuma."

"Ameandika nini?"

"Ameandika 'but'."

"But what?"

"Ndiyo kesi yenyewe," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayehesabu siku zangu za likizo ambazo sijachukua. Akasema kampuni haiwezi kubadili utaratibu kwa sababu ya neno moja lenye nukta. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi. Basi kwa wiki tatu, kila saa ya chakula cha mchana, nilishuka stoo na sandwichi yangu na rula yangu, nikafungua maboksi. Niliwatafuta waliosafiri peke yao, nikasoma nyuma. Nilipata tisa. "Vizuri sana, ila nilichelewa kidogo basi likaondoka." "Asanteni, isipokuwa siku ya Petra nilirudi mwenyewe." Mjane mmoja wa Kizanzibari: "Sina lawama, ila nilikaa kwenye jiwe nikaona nimekuwa miongoni mwa waliohama." Wote tisa walitoa tano mbele. Wastani wetu wa kuridhisha wasafiri wa peke yao ulikuwa wa juu kuliko wa wenye familia.

Nilimpangia Bibi Carol fomu tisa mezani, nimezitafsiri kwa penseli mstari kwa mstari. Alizisoma zote. Kwenye ile ya mjane alivua miwani. Aliniuliza nataka nini. Nilimwambia mwongozaji asihesabu vichwa, maana vichwa hukosewa, na mtu wa kundi jingine akipanda kwa makosa hesabu hutimia. Aite majina, kila basi linapotaka kuondoka, na asubiri sauti ya kila mmoja.

Ule wito wa majina mnaouona kwenye maelekezo ya waongozaji, ukurasa wa pili, ambao mmoja wenu aliniambia unapoteza dakika nane, ulitoka hapo. Dakika nane nilizipima mimi, nazikubali. Mwongozaji yule hakufukuzwa. Nimeambiwa aliwahi kumwita mama mmoja mara nne, na mama alikuwa amekaa mbele yake, amelala.

Kampuni ilimwandikia Jayantbhai barua ya kuomba radhi pamoja na hundi ya nauli ya teksi, dinari saba zikiwa zimegeuzwa pauni. Barua aliisoma mara moja. Hundi aliirudisha kwenye bahasha.

"Huipeleki benki?"

"Nikiipeleka wataichukua. Nitabaki na nini cha kuonyesha kwamba siku ile nilikuwepo?"

Tangu hapo tuliacha kuulizana habari. Nilikuwa nampigia Jumapili, namwamkia, anasema marahaba, kisha mmoja wetu anasema, "Ila?" Na mwingine anaanza. Ila goti. Ila mwanangu ananiandikia kwa simu alama za vidole gumba, sijui maana yake nini. Ila jana sikusikia sauti ya mtu hadi saa kumi, na ilikuwa ya mashine ya basi ikitaja kituo. Wakati wa korona ilikuwa kila siku. Sikuwa na mtu mwingine aliyeniuliza hivyo, na nadhani naye hakuwa na mwingine. Hatukuwahi kulisema hilo. Lingekuwa nyuma ya nyuma.

Mwaka jana, Jumapili moja, nilikuwa njiani kwenda kumwona binti yangu, nakimbilia treni. Nilimpigia huku natembea, nisije nikasahau.

"Shikamoo, Jayantbhai. Habari za leo?"

Akakaa kimya kidogo. "Nzuri," akasema.

"Haya, mzee, nitakupigia nikirudi." Nikapanda treni.

Nilikirudia mara nyingi kimya kile. Kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kugeuza karatasi. Alifariki Alhamisi, moyo, kwenye kiti chake chenye mto. Jirani aliona maziwa mlangoni siku ya pili.

Mwanawe alikuja ofisini baada ya mazishi, mtu mpole, Kiswahili anakielewa nusu. Alinipa bahasha yenye jina langu kwa mwandiko wa kulalia kushoto. Aliniuliza kwa Kiingereza kama ni kitu muhimu. Nilimwambia ni fomu za kazini. Ndani ilikuwa hundi ile, haijakunjwa, na kisu cha kufungulia bahasha, ambacho aliondoka nacho siku ya kustaafu na ambacho nilikuwa nimekitafuta miaka yote ile nikiwalaumu wafagiaji. Nawaomba radhi wafagiaji. Kisu nimewaachieni kwenye droo ya kushoto. Siku hizi fomu ni za mtandaoni na hazina upande wa nyuma, lakini chini kabisa kuna kisanduku. Kisomeni. Nami mkinipigia Thamesmead nitawaambia nzuri. Cha kuniuliza baada ya hapo mnakijua.

Siku yangu ya mwisho nilibaki na kesi moja wazi, yake. Hundi isiyopelekwa benki huiacha kesi wazi, na mfumo haukuniruhusu kukabidhi meza kabla ya kuifunga. Ulitaka kujua fedha zilikwenda wapi, na ulikuwa na majibu mawili tu ya kuchagua: zimelipwa, au zimeokolewa. Hazikuwa zimelipwa. Nilitafuta mahali pa kuongeza neno, hapakuwepo. Nikabonyeza lile jingine, na kompyuta ikaandika yenyewe, kwa herufi za kijani, kwamba katika suala la Bwana Jayant kampuni imeokoa pauni saba na peni themanini.